Msimpe Mtu Jina la Mnyama

Wazazi wapenzi, kosa likifichwa huzaa makosa mengine, bali likisemwa hupata dawa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuandike hapa kosa tulilolifanya sisi wenyewe, sisi ambao wazazi wa Likasi hutukabidhi watoto wao kila asubuhi ili tuwafundishe kusoma, kuhesabu na kumcha Mungu. Asidhani mtu kwamba tunapanda mimbarini ili kuwahubiria wengine. Wa kwanza kuhubiriwa ni mwandishi.

Mambo yalianza kwa sinema. Wanafunzi wetu wa darasa la sita, pamoja na vijana wengine wa parokia, walikuwa wametuomba kwa muda mrefu tuwaonyeshe picha siku ya Jumapili alasiri. Tulijua ya kuwa wengi wao hutazama picha za kila namna katika simu za kaka zao, gizani na peke yao, bila mkubwa wa kuwauliza wameona nini. Tukafikiri ni heri watazame pamoja nasi. Tukaazima jenereta ndogo, maana umeme hukatika mara nyingi. Tukatundika shuka jeupe ukutani mwa ukumbi. Tukaweka mashine ya kuonyeshea picha juu ya meza ya katekista. Watoto wakaja wengi kuliko viti.

Picha tuliyoichagua ni ya zamani, tena fupi, dakika 63 tu. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1932 na kampuni ya RKO, chini ya uongozi wa Ernest B. Schoedsack na Irving Pichel, nayo yatokana na hadithi ya Richard Connell iliyochapwa mwaka 1924. Jina lake kwa Kiingereza ni The Most Dangerous Game. Neno hilo game lina maana mbili katika lugha ile: ni mchezo, tena ni mnyama wa kuwindwa. Wafaransa waliiita Les Chasses du comte Zaroff, yaani Mawindo ya Kabaila Zaroff. Sisi tuliwaambia watoto kwamba jina lake ni Windo la Hatari Kupita Yote. Kwa kuwa wachezaji wake husema Kiingereza, tulisimama kando ya shuka tukaeleza kila jambo kwa Kiswahili, kama walivyofanya wazee waliokuwa wakieleza sinema katika kambi za wafanyakazi hapo kale.

Yafaa tuisimulie kwa ufupi, kwa ajili ya wale wasioiona. Mwindaji mashuhuri, jina lake Bob Rainsford, yumo safarini baharini. Rafiki yake amwuliza kama angekubali kubadilishana nafasi na chui milia aliyemwua. Rainsford acheka. Kwake yeye watu wa dunia wamegawanyika mafungu mawili, wenye kuwinda na wenye kuwindwa, naye kwa bahati njema yumo fungu la kwanza. Hajamaliza maneno yake, meli yapanda mwamba na kuzama. Yeye peke yake afika pwani ya kisiwa chenye msitu mnene, na humo akuta ngome ya Kabaila Zaroff, mtu wa Urusi mwenye adabu nyingi na mavazi safi, na katika paji la uso wake kovu alilopata kwa nyati wa Afrika.

Zaroff ampokea vizuri. Ampa nguo kavu, kinywaji na kitanda. Ndani wamo wageni wengine waliookoka katika meli nyingine iliyozama, msichana Eve na kaka yake Martin. Mwenyeji aeleza kwamba amewinda wanyama wote wa dunia hata akachoka, lakini katika kisiwa hiki amepata mnyama mpya asiyechosha. Usiku ule Martin apotea. Rainsford na Eve waingia chumba kilichokuwa kimefungwa, nao wakuta vichwa vya watu. Kumbe mnyama mpya ni mtu! Kumbe zile taa za baharini zimehamishwa kwa makusudi, ili meli zigonge mwamba na mwenyeji apate wageni wa kuwinda!

Zaroff amwalika Rainsford wawinde pamoja. Rainsford akataa. Basi apewa kisu, na yeye pamoja na Eve waingizwa msituni. Wakiwa hai hata jua lichomoze, watapewa uhuru. Tangu hapo ni mbio, mitego, shimo lililofunikwa majani, na mbwa wanaobweka katika ukungu. Mwishowe yule aliyewinda watu aanguka dirishani mwake mwenyewe, akiwa na jeraha la kufa, katikati ya mbwa zake, nao wawili waondoka kwa mashua.

Watoto wetu walisahau kupumua. Mbwa walipobweka, wadogo walishikana mikono. Zaroff alipoanguka, ukumbi mzima ulipiga kelele hata vumbi likashuka darini.

Tulikuwa tumekusudia kufanya maongezi ya nusu saa baada ya picha. Tulikuwa na maswali matatu katika karatasi. Tulitaka pia kuwaambia jambo moja juu ya yule Ivan, mtumishi wa Zaroff, Mkozaki mwenye ndevu. Mchezaji wake ni Noble Johnson, Mwamerika mweusi, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya sinema ya watu weusi iitwayo Lincoln Motion Picture Company mwaka 1916. Kwa picha hii walimpaka rangi ili aonekane Mzungu. Katika picha ya King Kong ya mwaka 1933, iliyotengenezwa katika msitu uleule wa bandia, mtu yuleyule aliigiza mkuu wa kabila la watu wakali wa kisiwani. Uso ni mmoja. Wenye mashine ndio waliochagua aitwe nani. Tulitaka watoto waijue siri hiyo.

Lakini petroli ya jenereta ilikuwa karibu kwisha, jioni ilikuwa inaingia, nasi tulikuwa na njaa. Tukayaahirisha maongezi. Watoto wakatoka mbio uani, mmoja akibweka kama mbwa, wengine wakipiga kelele, “Mwindaji! Mwindaji!” Sisi tulicheka, tukakunja shuka, tukaenda kula bukari kwa sombe. Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, wala hatukulijua.

Tulikwisha kufundishwa seminarini kwamba sinema si kitu cha kuchezea. Tarehe 29 Juni 1936 Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua iitwayo Vigilanti Cura juu ya sinema. Alieleza ya kuwa picha zina nguvu kubwa kwa kuwa huingia moyoni bila taabu, hata kwa asiyejua kusoma, wakati mtu ameketi gizani na akili yake imelegea. Kwa hiyo zaweza kujenga sana au kubomoa sana. Tarehe 8 Septemba 1957 Pio XII aliandika tena juu ya sinema, redio na televisheni katika barua yake Miranda Prorsus. Tulijibu mtihani juu ya barua hizo, tukapata alama nzuri. Walakini alama nzuri hazikutuzuia kuzima mashine na kwenda kula.

Sasa hapana budi tuseme neno juu ya hofu iliyo ya kale katika nchi yetu. Wazee wa Katanga wanaikumbuka habari ya batumbula. Wakati wa ukoloni ilisemekana katika kambi za migodi na katika vijiji kwamba kuna watu wanaotembea usiku, waliotumwa na Wazungu kuwakamata Weusi ili waliwe. Hofu hiyo haikuwa yetu peke yetu. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, watu waliwaogopa banyama. Nairobi na Kampala waliwaogopa wazimamoto. Pwani waliwaogopa mumiani wanyonyaji wa damu. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Tukiyafikiri vema twaona yalikuwa na maana yake. Watu waliochukuliwa kutoka mbali ili kushuka migodini, waliopimwa, waliohesabiwa na kupangwa kambini, walisikia mwilini mwao kwamba kuna mtu anayekula nguvu zao. Hawakuwa na jina la jambo hilo, wakaliita mutumbula.

Lakini hofu, hata ikiwa na chanzo, haichagui vizuri wa kumpiga. Bwana mkubwa aliye mbali haguswi. Anayekamatwa ni msafiri aliyepotea njia jioni. Mwaka 2017 katika Malawi, nchi isiyo mbali nasi, uvumi wa wanyonya damu ulienea kusini, makundi ya watu yakawaua wenzao waliodhaniwa kuwa ndio, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili. Waliokufa hawakuwa wamenyonya damu ya mtu yeyote.

Basi sikilizeni yaliyotupata siku ya Jumanne iliyofuata ile Jumapili ya sinema.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Tulikuwa tumeketi katika lupango yetu tukisahihisha madaftari kwa taa ya betri. Tukasikia kelele mwisho wa barabara, kisha vishindo vya miguu, kisha mtu akajitupa juu ya lango letu la bati. Tulisimama, tukafika langoni, tukachungulia katika tundu la komeo. Tulimwona mwanamume wa makamo, mwenye gunia begani, damu inamtoka sikioni. Nyuma yake walikuja vijana wengi, na watu wazima pia, wengine wameshika mawe. Walikuwa wakisema, “Mutumbula! Amebeba mtoto!” Na katikati ya sauti hizo tulisikia sauti nyembamba tuliyoijua sana, kwa maana kila asubuhi hutusomea masomo, ikipiga kelele, “Mwindaji! Mwindaji!” Mwingine alikuwa akibweka.

Yule mtu alisema, “Baba, nifungulie.”

Mkono wetu ulikuwa juu ya komeo. Tungeweza kulivuta. Tulilisukuma ndani.

Tumejaribu mara nyingi kujitetea mbele ya dhamiri yetu. Tumejiambia kwamba tulikuwa na watoto wetu ndani, kwamba gunia lilikuwa kubwa, kwamba hatukumjua. Yote ni kweli, wala hakuna hata moja linalotosha. Ukweli ni kwamba katika dakika ile sisi pia tulilitazama gunia lile, na kwa muda wa pumzi moja tuliamini kwamba ndani yake kuna mtoto. Tulikuwa tumesoma falsafa miaka mingi, nayo haikutusaidia kwa pumzi moja.

Aliyefungua ni mwingine. Jirani yetu ni mama mmoja mtu mzima, mwuza mikate ya kukaanga, ambaye watoto humwita Mama Mikate. Alitoka lupango yake akiwa bado ameshika upawa wenye mafuta ya moto, akapita katikati ya vijana kama mtu apitaye kati ya kuku, akasimama mbele ya yule mtu. Hakuwageukia wenye mawe. Alimwuliza yeye, kwa sauti ya kawaida, kama amwulizavyo mnunuzi:

“Baba, jina lako nani?”

Mtu yule akataja jina lake.

“Umetoka wapi?”

Akasema ametoka kijijini, upande wa mto Lufira.

“Umekuja kwa nani?”

“Kwa dada yangu. Amejifungua.”

“Umekula?”

Hapo yule mtu akalia. Na vijana wakanyamaza, maana ni vigumu kumpiga mawe mtu ambaye umekwisha kusikia jina lake na habari ya dada yake, na njaa yake pia. Mama akasema, “Tua gunia.” Likafunguliwa. Ndani mlikuwa na mihogo mikavu, samaki wakavu waliofungwa katika majani, na juu yake viatu viwili vidogo vya mtoto, vipya. Viatu hivyo vilikuwa vimechomoza mdomoni mwa gunia. Mtu mmoja aliviona barabarani, akasema neno moja. Wa pili akaongeza. Wa tatu hakuwa ameona kitu, naye ndiye aliyeokota jiwe la kwanza.

Mkuu wa mtaa alipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Nyumba ya dada ilikuwa njia mbili tu kutoka kwetu. Vijana walitawanyika wakitazama chini, na sisi tulifungua lango letu wakati ambapo hapakuwa tena na haja ya kulifungua.

Usiku ule tulikwenda kwa Mama Mikate kumshukuru, na kwa kweli tulikwenda kutafuta faraja. Hakutupa. Alitupa kiti na mkate, kisha akatusimulia jambo ambalo kwa miaka yote ya ujirani hakuwahi kutuambia.

Yeye ni mzaliwa wa Likasi, lakini babu yake alitoka Kasai, akaja kwa kazi ya migodi kama maelfu ya wengine, hasa baada ya reli ya kwenda Port-Francqui, yaani Ilebo, kukamilika mwaka 1928. Baba yake alizaliwa hapa mji ulipoitwa bado Jadotville, jina lililodumu hata mwaka 1966. Kiswahili chao ni cha hapa, makaburi yao ni ya hapa. Hata mwaka 1992, mkoa ulipoitwa Shaba, wakubwa wa siasa walianza mchezo wao. Katika mikutano watu wa Kasai hawakuitwa tena majirani wala raia. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Neno likatoka mikutanoni, likaingia sokoni, likaingia bombani kwenye kuteka maji. Mwishowe wakafukuzwa nyumbani mwao, na maelfu yao wakalala katika shule na katika stesheni ya reli ya Likasi kwa majuma na miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao hawakuwa wamefika hata siku moja. Reli iliyowaleta babu zao ndiyo iliyowaondoa wajukuu. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, katika kungoja na njiani.

“Nilikuwa msichana,” alisema mama. “Jirani aliyenisuka nywele juma moja, juma la pili aliniita mdudu. Hakuwa mtu mbaya, Mwalimu. Alisikia neno, akalirudia. Ukishamwita mtu mdudu, mguu wako wenyewe hutafuta kumkanyaga.” Akaongeza kwamba familia nyingine, ya Wakatanga halisi, ilikuwa ikiwaletea bukari stesheni usiku, ikijificha isionekane. Baba wa nyumba ile alipofika gizani hakuuliza kwanza wamepungukiwa na nini. Alimwita kila mmoja kwa jina lake. Kwa ajili ya familia ile alirudi Likasi miaka ilipopita, na kwa ajili yao alijifunza kuuliza, “Jina lako nani? Umekula?”

Hatuandiki haya ili kufungua vidonda, wala ili kabila moja lilinyoshee jingine kidole. Katika historia ya nchi yetu kila kabila limepata zamu ya kuwinda na zamu ya kuwindwa. Twaandika kwa sababu siku ile tulifahamu kile tulichowanyima watoto wetu Jumapili. Tuliwaonyesha mbio, hatukuwaonyesha mwanzo wa mbio. Zaroff hakuanza kwa upinde wala kwa mbwa. Alianza mezani, kwa neno, alipomwita mtu mnyama mpya. Rainsford naye alikuwa karibu kuanza, kule melini, alipowagawa watu mafungu mawili. Mtu hawindwi kabla hajanyang'anywa jina lake. Mnyama, mdudu, mutumbula: jina hutangulia, jiwe hufuata.

Kesho yake tulikwenda nyumbani kwa yule dada. Mgeni alikuwa ameketi chini ya mwembe, sikio limefungwa kitambaa, amempakata mtoto mchanga. Tulianza kusema maneno yetu ya kuomba msamaha, tuliyokuwa tumeyapanga njiani. Akatukatiza kwa upole.

“Niliona jicho lako, Mwalimu, katika tundu la lango.”

Hatukuwa na jibu. Tukasimama. Baada ya kitambo akatupa mkono, akamwambia dada yake atuletee kiti. Mpaka leo hatujui kama ule ulikuwa msamaha au ni adabu tu ya mtu wa kijijini. Yote mawili yalizidi tuliyostahili.

Alhamisi tuliyafanya darasani maongezi tuliyoyaahirisha. Hatukuwachapa watoto, wala hatukutaja majina. Tuliwasimulia kwanza habari ya lango letu, tukisema wazi ni nani aliyelifunga. Walishangaa sana kumsikia mwalimu akijishtaki, na hapo baadhi yao wakaanza kulia. Kisha msichana mmoja mwenye maneno machache akauliza, “Mwalimu, katika sinema ile, mgeni ni nani?”

Swali hilo halikuwamo katika karatasi yetu. Tulimrudisha kwenye hadithi ya Waluba ambayo wengi wao wameisikia kwa bibi zao. Mbidi Kiluwe alikuwa mwindaji, tena alikuwa mgeni aliyetoka mashariki, akafika kwa mfalme Nkongolo. Mgeni yule hakuleta madhara. Alileta desturi njema, na mwanawe Kalala Ilunga akawa shujaa. Lakini Nkongolo aliingiwa na wivu. Akaandaa mchezo. Alichimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, akamwalika kijana aje kucheza ngoma juu yake. Kalala angekufa, kama mpiga ngoma asingemwonya kwa mlio wa ngoma. Kijana akatoboa mkeka kwa mkuki wake, akaliona shimo, akaokoka.

“Basi,” tuliwaambia, “katika hadithi ya bibi zenu na katika sinema ya Wamarekani, mwenye hatari siye aliyekuja kwa miguu, mwenye njaa na nguo zilizolowa. Mwenye hatari ni mwenyeji aliyechimba shimo. Na Jumanne, wenyeji tulikuwa sisi.”

Mvulana mmoja akasema, “Na mpiga ngoma alikuwa Mama Mikate.” Mwana huyo ndiye mwenye ile sauti nyembamba. Hatukuongeza neno.

Wazazi wapenzi, hatusemi kwamba sinema iliwatuma watoto kuokota mawe. Uvumi wa barabarani ni wa zamani kuliko sinema, na watu wazima waliokuwamo katika kundi lile hawakuiona picha yetu. Lakini sinema iliwapa watoto mbio na kelele, na sisi tulioziwasha mioyoni mwao hatukubaki kuzituliza. Picha si mwovu. Tunaendelea kuonyesha picha, ila sasa petroli ya maongezi huwekwa kando kwanza, kabla ya petroli ya sinema.

Nanyi nyumbani, mtoto akitazama picha katika simu, ketini karibu naye hata kwa dakika kumi, kisha mwulizeni: Nani alimwinda nani? Mwenye kuwinda alimwitaje yule aliyemwinda? Je, ulifurahi alipoanguka, na kwa nini? Hamhitaji kuwa walimu ili kuuliza hayo. Tena angalieni maneno yenu wenyewe mezani. Mtoto akisikia baba akimwita mtu wa kabila fulani kwa jina la mnyama, amekwisha kuonyeshwa sinema mbaya kuliko zote, nayo haina giza wala tiketi.

Bwana wetu Yesu Kristu alisema waziwazi kwamba siku ya mwisho atatuuliza kama tulimpokea alipokuwa mgeni. Papa Fransisko, katika barua yake Fratelli Tutti ya tarehe 3 Oktoba 2020, aliirudia habari ya Msamaria mwema, akatukumbusha kwamba wale wawili waliopita kando hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa dini, wenye kuijua sheria. Tulipoisoma sura hiyo zamani tulijihesabu upande wa Msamaria. Tangu jioni ya lile lango hatuthubutu tena.

Mama Mikate angali anauza mikate mbele ya nyumba yetu. Kila jioni wapita njia wengi wasiojulikana, maana Likasi ni mji wa reli na wa migodi, na watu huja. Akimwona mtu anayesimama njia panda na kutazama huku na huku, humwita. Siku hizi wanafunzi wetu wawili watatu husimama karibu naye wakingoja mikate, nasi tumewasikia kwa masikio yetu wakimtangulia kumwuliza yule mtu: “Baba, jina lako nani?”